Msawazo wa asidi na besi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita kila mada hii inapofika. Mengine ni ya mkulima aliyeambiwa shamba lake lina asidi, ya mpishi anayetia magadi kwenye maharage, ya muuguzi anayemwona mgonjwa wa kisukari akihema kwa nguvu. Jambo moja linapita katika karibu yote: pH inakuambia protoni (ioni za haidrojeni, H⁺) ngapi ziko huru sasa hivi, lakini haikuambii ngapi bado zimeshikiliwa na zinaweza kuachiwa baadaye. Ukishatenganisha mambo hayo mawili, sehemu kubwa ya mada hii inafunguka.

Asidi ni nini hasa? Ni kitu chochote kinachounguza?

Hapana. Kuna asidi unazokunywa kila siku kwenye maji ya ndimu, na kuna besi, kama sodiamu haidroksaidi ya kutengenezea sabuni, zinazochubua ngozi vibaya kuliko asidi nyingi.

Svante Arrhenius wa Sweden, katika tasnifu yake ya mwaka 1884, alionyesha kwamba chumvi, asidi na besi zikiwa ndani ya maji huachana na kuwa ioni. Kwake yeye asidi ni ile inayotoa H⁺ na besi ni ile inayotoa OH⁻. Maelezo hayo yalimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1903 na bado yanafaa kwa kuanzia, lakini yanakwama kwenye amonia. Amonia ni NH₃, haina OH ndani yake, na bado inageuza litimasi nyekundu kuwa ya buluu.

Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walitoa jibu pana zaidi: asidi hutoa protoni, besi huipokea. Amonia inapoingia majini huchukua protoni kutoka kwenye molekuli ya maji, na maji yanabaki kuwa OH⁻:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Hapa maji yamekuwa asidi. Ukiweka asidi ya siki badala ya amonia, maji yaleyale yanakuwa besi. Kwa hiyo "asidi" na "besi" ni kazi ambayo kitu kinafanya mbele ya mwenzake. Na kila asidi ikishatoa protoni inaacha nyuma besi inayoweza kuirudisha. NH₄⁺ na NH₃ ni jozi, CH₃COOH na CH₃COO⁻ ni jozi. Jifunze kuziona jozi hizo kwanza, kabla ya kugusa kikokotoo.

Msawazo maana yake mmenyuko umesimama?

Haujasimama. Hili ndilo linalowapotosha watu wengi, kwa sababu ukiitazama chupa ya siki huoni chochote kikitokea. Ndani yake, kila sekunde, molekuli zisizohesabika zinatoa protoni na ioni nyingine zinazirudisha (H₃O⁺ ni molekuli ya maji iliyobeba protoni):

CH₃COOH + H₂O ⇌ CH₃COO⁻ + H₃O⁺

Fikiria kivuko cha Magogoni na Kigamboni siku ambayo idadi ya wanaovuka kwenda ni sawasawa na ya wanaorudi. Idadi ya watu kila upande haibadiliki, ingawa sura zinabadilika saa zote. Pia angalia kwamba pande mbili hazihitaji kuwa na watu sawa. Kinacholingana ni kasi ya kwenda na kasi ya kurudi. Katika mmumunyo wa asidi ya siki wenye 0.1 mol/L (moli 0.1 kwa kila lita) kwenye 25 °C, kati ya kila molekuli 100 ni kama 1.3 tu zilizoachia protoni kwa wakati wowote ule. Nyingine zaidi ya 98 zimeishikilia. Huo ni msawazo kamili.

Asidi kali na asidi iliyokolea ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili, na mtihani hupenda kuvichanganya. Ukali ni tabia ya asidi yenyewe: je, inaachia protoni zote au chache? Ukolezi ni suala la wewe umeweka kiasi gani kwenye maji. Asidi haidrokloriki ni kali hata ukiipunguza ukolezi mara elfu. Asidi ya siki ni dhaifu hata ikiwa safi kabisa, bila maji, ndani ya chupa yake.

Na neno "dhaifu" lisimdanganye mtu akadhani ni salama. Asidi haidrofloriki, HF, ni dhaifu kwa hesabu (pKa yake, kipimo tutakachokieleza hapa chini, ni karibu 3.2), lakini inakula kioo, inapenya ngozi, inashika kalsiamu ya mwili na inaweza kuua.

Kuna jambo zuri hapa ambalo ningependa ulijaribu mwenyewe maabara. Chukua mL 25 za asidi haidrokloriki ya 0.1 mol/L na mL 25 za asidi ya siki ya 0.1 mol/L. Ya kwanza ina pH 1, ya pili ina pH karibu 2.9. pH ni logi ya ukolezi wa protoni huru ikiwa imebadilishwa alama, kwa hiyo protoni huru za ile ya kwanza ni mara 75 hivi ya zile za pili. Sasa pima kila moja kwa bureti yenye sodiamu haidroksaidi ya 0.1 mol/L. Zote mbili zitakula mL 25 zilezile. Kila OH⁻ inapoingia, inanyakua protoni huru, msawazo unavurugika, na asidi ya siki inaachia nyingine kuziba pengo, mpaka akiba yote inakwisha. Tofauti ilikuwa kwenye zilizo huru tu. Jumla ilikuwa ileile.

Ka na pKa zinasaidia nini?

Zinakuambia msawazo umeegemea upande gani, na kwa kiasi gani. Kwa asidi yoyote, tuiite HA (mabano yanaonyesha ukolezi):

Ka = [H₃O⁺][A⁻] ÷ [HA]

Ka ya asidi ya siki ni karibu 1.8 × 10⁻⁵. Kwa kuwa namba za namna hiyo zinasumbua, tunachukua logi yake na kubadili alama: pKa = 4.76. pKa ikiwa ndogo, asidi ina nguvu zaidi.

Kutafuta pH ya asidi dhaifu ya 0.1 mol/L, weka x mahali pa protoni huru. Unapata x² ÷ (0.1 − x) = 1.8 × 10⁻⁵. Kwa kuwa x ni ndogo sana mbele ya 0.1, unaiacha chini na kubaki na x² = 1.8 × 10⁻⁶, hivyo x = 1.3 × 10⁻³ na pH = 2.9. Ukimaliza, rudi ukague: je, x kweli ni chini ya asilimia 5 ya 0.1? Ndiyo, ni 1.3. Kwenye 0.001 mol/L njia hiyo ya mkato haifai tena, kwa sababu sehemu iliyoachia protoni imepanda hadi asilimia 12 na ushee, na hapo huna budi kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili.

Kwa nini asilimia inapanda ukiongeza maji? Kwa sababu kurudi kunahitaji ioni mbili zikutane, na kwenye maji mengi hukutana kwa nadra zaidi. Kutoa protoni hakuhitaji kukutana namna hiyo, maana maji yapo kila mahali.

pH ilitoka wapi, na kwa nini 7 ndiyo katikati?

Søren Sørensen aliileta mwaka 1909 akiwa kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na kiwanda cha bia. Alikuwa akichunguza vimeng'enya, ambavyo kazi yake hubadilika sana ukolezi wa H⁺ ukibadilika kidogo, na alihitaji namna fupi ya kuuandika. Chombo cha umeme cha kuipima kwa urahisi kilikuja mwaka 1934, pale Arnold Beckman wa California alipoombwa na mwenzake wa sekta ya malimau njia ya kupima ukali wa juisi.

Kuhusu 7: maji safi yenyewe huachana kidogo kuwa H₃O⁺ na OH⁻, na kwenye 25 °C zidisho la ukolezi wa hizo mbili ni 1.0 × 10⁻¹⁴. Zikiwa sawa, kila moja ni 10⁻⁷. Hapo ndipo 7 inapotoka, na ni ya 25 °C. Kuachana kwa maji hunyonya joto, kwa hiyo ukiyapasha yanaachana zaidi. Kwenye joto la mwili, 37 °C, katikati ni karibu 6.8. Kwenye maji yanayochemka ni kama 6.1. Je, maji yanayochemka ni asidi? Hapana, kwa sababu OH⁻ nazo zimeongezeka kwa idadi ileile. Katikati ni pale mbili hizo zinapolingana, si pale namba inaposoma 7.

pH inaweza kuwa chini ya 0 au juu ya 14?

Inaweza, kwenye mimumunyo iliyokolea sana. Kipimo cha 0 hadi 14 ni eneo la kawaida la kazi, hakuna ukuta hapo.

Magadi hayana OH ndani yake. Kwa nini ni besi?

Magadi kwa sehemu kubwa ni sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti. Yakiyeyuka, sodiamu inakaa pembeni bila kufanya lolote, lakini ioni ya kaboneti inatamani protoni na inazichukua kwenye maji:

CO₃²⁻ + H₂O ⇌ HCO₃⁻ + OH⁻

Sodiamu kaboneti ya 0.1 mol/L inafika pH karibu 11.6. Sodiamu baikaboneti, ile ya kuumulia keki, inaishia kama 8.3 tu, kwa sababu HCO₃⁻ inaweza kupokea protoni na pia kuitoa, na mambo hayo mawili yanavutana.

Kanuni ya jumla ya chumvi ni rahisi: jiulize chumvi hiyo ilizaliwa na asidi gani na besi gani. Ikitokana na asidi dhaifu na besi kali, mmumunyo wake ni wa besi. Asidi kali na besi dhaifu, kama amoniamu kloraidi, inakuwa ya asidi. Zote mbili zikiwa kali, kama chumvi ya mezani, inakaa katikati.

Na maharage? Hali ya besi huvunja pektini inayoshikilia kuta za seli, ndiyo maana yanaiva upesi na mkaa unabaki. Lakini vitamini B1 haistahimili hali hiyo, inaharibika. Kuloweka maharage usiku kucha ni njia bora kwa anayeweza kusubiri. Na anayetumia magadi atie kidogo tu.

Kwa nini Ziwa Natron na Ziwa Magadi yana pH ya karibu 10 na haipandi wala kushuka ovyo?

Hapa hesabu ya darasani na bonde la ufa vinakutana vizuri kuliko popote ninapopajua.

Asidi ya kaboni ina protoni mbili za kutoa. Ya kwanza ina pKa 6.35, ya pili, kutoka HCO₃⁻ kwenda CO₃²⁻, ina pKa 10.33. Sasa itazame trona, madini meupe yanayoganda juu ya maziwa hayo na ambayo Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Fomyula yake ni Na₃H(CO₃)₂·2H₂O. Ihesabu: ndani yake kuna kaboneti moja na baikaboneti moja. Jozi ya asidi na besi yake zikiwa sawa kwa sawa, pH inalingana na pKa. Kwa hiyo ukiyeyusha trona kwenye maji tegemea pH ya jirani na 10, na ndicho kipimo kinachosomwa ziwani. Chumvi nyingi iliyomo inasogeza namba kidogo, lakini kiini ni hicho.

Kaboneti hizo zinatoka kwenye miamba ya volkano ya eneo hilo. Kusini mwa Natron umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima ambao lava yake ina sodiamu kaboneti nyingi, inatoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu. Chemchemi na mvua hushusha sodiamu na kaboneti bondeni. Kalsiamu inanaswa mapema kama chokaa, sodiamu inabaki kwenye maji, maziwa hayana mto wa kutokea, na jua linakausha.

Viumbe wanaoishi humo wamelazimika kushughulika na msawazo mwingine. Samaki wa kawaida huondoa uchafu wa protini kama amonia kupitia mashavu: NH₃ ikitoka tu, maji ya pH 7 yanaipa protoni, inakuwa NH₄⁺, na hairudi ndani kirahisi. Kwenye pH 10 mlango huo umefungwa. pKa ya NH₄⁺ ni 9.25, kwa hiyo zaidi ya asilimia 80 ya amonia ingebaki NH₃, ambayo hupenya utando na kurudi mwilini kama sumu. Perege mdogo wa Ziwa Magadi, *Alcolapia grahami*, hutoa urea badala ya amonia, jambo la nadra sana kwa samaki wa aina yake. Urea haijali pH ya ziwa.

Bafa ni nini?

Ni mmumunyo wenye asidi dhaifu na besi yake pamoja, zote kwa kiasi cha kutosha. Ukileta protoni, besi inazimeza. Ukileta OH⁻, asidi inaziziba. Tia mL 1 ya asidi haidrokloriki ya 1 mol/L kwenye lita moja ya maji safi, pH inaporomoka kutoka 7 hadi 3. Tia kiasi hichohicho kwenye lita moja yenye 0.1 mol ya asidi ya siki na 0.1 mol ya sodiamu asetati: pH inatoka 4.76 na kufika 4.75.

Mlinganyo wake unatokana moja kwa moja na Ka:

pH = pKa + logi ([besi] ÷ [asidi])

Lawrence Henderson aliandika msingi wake mwaka 1908 na Karl Hasselbalch akaupa sura hii ya logi miaka michache baadaye, wote wakiwa wanatafuta kuielewa damu.

Damu inajilindaje? Na kwa nini mgonjwa wa kisukari anahema kwa nguvu?

pH ya damu ya ateri ni 7.35 hadi 7.45. Bafa yake kuu ni kabonidayoksaidi iliyoyeyuka pamoja na baikaboneti, ambayo pKa yake katika joto la mwili huhesabiwa 6.1. Mtu mzima mwenye afya ana baikaboneti karibu mmol 24 kwa lita na CO₂ iliyoyeyuka mmol 1.2. Uwiano ni 20 kwa 1, logi yake ni 1.3, na 6.1 + 1.3 inatoa 7.4.

Mwanafunzi makini atapinga hapa: mwalimu alisema bafa hufanya kazi vizuri pH ikiwa karibu na pKa, na 7.4 iko mbali na 6.1. Ni pingamizi la haki. Jibu liko kwenye mapafu. Tuseme mgonjwa wa kisukari amekosa insulini, mwili unachoma mafuta na kumwaga asidi za ketoni mpaka baikaboneti inashuka kutoka 24 hadi 12. Kama damu ingekuwa chupa iliyofungwa, CO₂ iliyozaliwa ingebaki ndani, ikapanda hadi 13.2, na pH ingekuwa kama 6.06. Hakuna anayeishi na hiyo. Lakini mapafu yanaitoa CO₂ hiyo ya ziada na kuirudisha 1.2, na pH inakuwa 7.1. Bado ni hatari, ila mtu yu hai. Kisha ubongo unaamuru kuhema zaidi. Shinikizo la CO₂ likishuka kutoka mmHg 40 hadi 26, iliyoyeyuka inakuwa kama 0.78 na pH inarudi karibu 7.3. (Hesabu hii imeacha hemoglobini na protini, ambazo nazo zinasaidia.)

Kwa hiyo kule kuhema kwa kina na kwa kasi, ambako Adolf Kussmaul alikueleza mwaka 1874, ni mwili unausukuma msawazo upande wa CO₂, ili itoke nje, kwa nguvu zake zote. Si pumu, na mgonjwa wa namna hiyo asiambiwe atulie apumue polepole. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa nini taitresheni (kule kupima kwa bureti) haiishii pH 7 kila mara? Nitumie kiashirio cha MO (methili orenji) au POP (fenolfthalini)?

Kwa sababu pale asidi na besi zinapomalizana, kinachobaki kwenye chupa ni chumvi, na chumvi ina tabia yake kama tulivyoona kwenye magadi. Asidi ya siki na sodiamu haidroksaidi za 0.1 mol/L zinaishia kama 8.7. Amonia na asidi haidrokloriki zinaishia kama 5.3. Asidi kali na besi kali ndizo zinazokutana kwenye 7.

Kiashirio nacho ni asidi dhaifu ambayo umbo lake lenye protoni lina rangi moja na lisilo nayo lina nyingine. Methili orenji hubadilika kati ya 3.1 na 4.4, fenolfthalini kati ya 8.2 na 10. Chagua kile ambacho mabadiliko yake yanaangukia pale pH inaporuka ghafla. Siki kwa POP, amonia kwa MO. Kwa sodiamu kaboneti, POP itabadilika nusu ya safari, kaboneti ikishakuwa baikaboneti, na MO itabadilika mwisho wa safari. Mtahiniwa aliyetumia POP bila kulijua hilo atapata ujazo ambao ni nusu ya unaotakiwa, na hesabu zote zinazofuata zitaharibika.

Nyumbani una viashirio pia. Juisi ya rosela ni nyekundu. Ongeza magadi, inaelekea kijani. Doa la mchuzi wa manjano kwenye shati jeupe hugeuka jekundu la kutisha ukilipaka sabuni ya mche, kwa sababu rangi ya manjano imepoteza protoni. Shati halijaharibika. Suuza kwa maji yenye ndimu na doa litarudi kuwa la njano. Litabaki doa, lakini sasa unajua kwa nini.

Shamba langu na la jirani yote yana pH 5.2. Kwa nini yeye kaambiwa chokaa kidogo na mimi nyingi?

Pengine lako ni la mfinyanzi au lina mboji nyingi, lake ni la kichanga. Kipimo kinasoma protoni zilizo huru kwenye maji ya udongo. Chembe za mfinyanzi na mboji zimeshikilia protoni na aluminiamu nyingine nyingi ambazo hazionekani kwenye kipimo, na kila ukiweka chokaa zinaachiwa. Ni kisa kilekile cha asidi ya siki na bureti. Ndiyo sababu kununua chokaa kwa kutazama pH peke yake ni kupoteza fedha: omba maabara ya udongo ikupimie mahitaji ya chokaa. Na mwenye chai asikimbilie chokaa hata kidogo, chai inapenda udongo wa pH 4.5 hadi 5.5.

Msawazo huu unahusiana vipi na dawa, au na ugoro?

Kitu kisicho na chaji hupenya utando wa seli kwa urahisi. Chenye chaji hukwama. Dawa nyingi ni asidi au besi dhaifu, kwa hiyo pH ya mahali ilipo ndiyo inayoamua iende au ikae.

Klorokwini ni besi dhaifu. Iliingia ndani ya kimelea cha malaria bila chaji, ikafika kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea hemoglobini ambako kuna asidi, ikapewa protoni, na ikanaswa humo mpaka ikajaa na kumsumisha. Kimelea sugu kimebadili protini moja ya utando wa kifuko hicho na sasa kinaitoa nje. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001.

Nikotini nayo ni besi dhaifu yenye pKa ya karibu 8. Kwenye pH 6 ni asilimia 1 tu isiyo na chaji, kwenye pH 9 ni kama 90. Ndiyo kazi ya magadi kwenye ugoro: yanaifungulia nikotini njia ya kupenya kinywani haraka. Uraibu unaofuata ni mkubwa kwa kiasi hichohicho, na mtumiaji anastahili kulijua hilo.

Klorini ya kutibu maji inategemea pH?

Sana. Kinachoua vijidudu ni HOCl, asidi dhaifu inayotokea klorini ikiwa majini, na pKa yake ni 7.5. Kwenye pH 6.5 karibu asilimia 90 ya klorini iko katika umbo hilo. Kwenye 8.5 ni kama 10 tu, iliyobaki ni OCl⁻ ambayo ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Maji ya pH zaidi ya 8 yanahitaji muda mrefu zaidi au dozi kubwa zaidi.

Na hapa naomba usikilize kwa makini: usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki. Asidi inausukuma msawazo huu

HOCl + H⁺ + Cl⁻ ⇌ Cl₂ + H₂O

kwenda kulia, na gesi ya klorini inajaa chooni ndani ya sekunde chache. Ikishatokea, usikae kujaribu kusuuza. Toka nje, acha mlango wazi.

Wanasema bahari inakuwa asidi. Ni kweli?

Bahari bado ni ya besi, lakini inashuka. Wastani wa uso wake ulikuwa karibu 8.2 kabla ya viwanda na sasa ni karibu 8.1. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba ni logi: 0.1 ni ongezeko la protoni la asilimia 26 hivi. Madhara makubwa zaidi yako kwenye mmenyuko huu:

CO₂ + H₂O + CO₃²⁻ ⇌ 2HCO₃⁻

CO₂ inayoingia inakula kaboneti, na kaboneti ndiyo ambayo matumbawe ya Mafia au Watamu, chaza na kombe huitumia kujenga mifupa na magamba yao. Inabaki baikaboneti tele wasiyoweza kuitumia moja kwa moja kujengea.

Asidi haidrokloriki ya 10⁻⁸ mol/L ina pH 8?

Haiwezekani asidi iliyopunguzwa kwa maji ikawa besi, lakini kikokotoo kitakuambia 8 bila aibu. Kilichosahauliwa ni protoni za maji yenyewe, ambazo hapa ni nyingi kuliko za asidi. Ziite y. Kila protoni ya maji inakuja na OH⁻ yake, hivyo y(y + 10⁻⁸) = 10⁻¹⁴, y inakuwa 9.5 × 10⁻⁸, jumla ya protoni ni 1.05 × 10⁻⁷, na pH ni 6.98. Ukipata jibu la namna ya 8 kwenye mtihani, usiliandike mpaka ujiulize kama linaweza kuwa kweli kwa kitu kilichomo kwenye chupa.